Kitabu ambacho grupu ya miito haikupatii

Bandugu, tangu Mudimbe alipofariki kule Marekani, Aprili 2025, mu siku zile zile Kanisa lilikuwa linaomboleza Papa Francis, jina lake limerudi kwenye midomo ya watu wa Lubumbashi. Tunajivuna, na tuko na haki. Ni mtoto wa Likasi, alizaliwa 1941 wakati mji ungali unaitwa Jadotville, alifundisha hapa kwetu kwenye kampus, kisha akaenda kufundisha Stanford na Duke. Lakini kusoma je? Watu wengi wanataja The Invention of Africa sawa vile mtu anataja mlima ambao ameuona kwa mbali tu. Mimi leo niko na kitabu chake kingine, roman yake ya kwanza, Entre les eaux, iliyotoka Paris kwa Présence Africaine mwaka 1973. Na ninataka kuisoma kwa njia ambayo sijasikia hapa kwetu: kama kitabu cha kuhimiza miito ya upadri na utawa.

Najua wengine wameanza kucheka. Kitabu cha padri aliyetoroka paruasi kwenda kwa waasi, njo kihimize miito?

Ndiyo. Ngoja kwanza nisimulie kwa wale ambao hawajasoma. Pierre Landu ni padri Mwafrika, amesoma Roma, anajua teolojia na sheria ya Kanisa. Anaacha misioni yake na kuingia porini kujiunga na waasi wanaofuata mafundisho ya Mao. Haendi kwa sababu amepoteza imani. Anaona Kanisa limekaa meza moja na wenye mali, na anafikiri kumfuata Kristo ni kusimama upande wa maskini mpaka mwisho, hata na bunduki. Porini hawamuamini. Barua anayoandika kwa mkubwa wake wa zamani inakamatwa, anahesabiwa kuwa msaliti, anahukumiwa kufa, na ni shambulio la jeshi la serikali linalomuokoa. Baadaye anaoa, ndoa haimshiki. Mwishoni tunamkuta mu monasteri ya Wasistersiani, amepewa jina jipya. Njo yote. Ni kitabu chembamba, na sehemu kubwa yake haitoki mu kichwa cha Landu: anawaza, anajiuliza, anajijibu, anajikatalia jibu.

Sasa tuangalie namna tunavyohimiza miito. Tangu 1964 Kanisa lote liko na siku ya kuombea miito, Jumapili ya nne ya Pasaka, ile ya Mchungaji Mwema. Mu paruasi zetu siku hiyo ni nzuri sana, siwezi kusema uongo. Waseminari wanasimama mbele na kanzu nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zinang'aa. Watoto wa Kizito-Anuarite wanaimba. Xaveri wanapiga ngoma. Padri anauliza: "Nani anataka kuwa sawa mupe?" na mikono yote midogo inapanda. Kisha yanafuata mahubiri, na mahubiri hayo yako na sauti mbili. Sauti ya kwanza ni ya juu: mwito ni zawadi, ni heshima kwa familia nzima, Mungu anakutazama. Sauti ya pili inakuja pa kiwanja, kisha misa, mu kicheko: utasoma bila kuhangaikia minerval, utaona Roma, motokari ya paruasi haikosi, na mama yako ataitwa mama wa mupe. Sauti ya pili inasemwa kama mchezo. Lakini ni yenyewe inayobaki mu sikio.

Na hapa tuache kujifanya. Sisi wa ukurasa huu ni bagradué. Tunajua nini inafanyika kisha kolasio. Picha, toge, keki, na mwezi unaofuata mtu anazunguka na dosie mkononi kutoka kampuni ya mine moja mpaka nyingine, na kila pahali wanamuomba miaka mitano ya kazi wakati ndiyo kwanza amemaliza. Mimi nimesoma kilimo. Nimekuta wenzangu wa promosheni wanauza krediti ya simu. Mu hali ya namna hiyo, nyumba yenye kitanda, chakula mara tatu, biblioteka na masomo mbele si kitu kidogo. Simucheki mtu ambaye tumbo lake lilisikia mwito mbele ya roho yake. Mungu anaweza kupita hata ku bukari. Ninachokataa ni kwamba hakuna anayeruhusu kijana huyo aliseme kwa sauti. Anaambiwa aandike barua ya kuomba kuingia, na barua zote zinafanana: "Tangu utoto wangu nilivutiwa na altare." Kila mtu alivutiwa na altare. Hakuna hata mmoja aliyevutiwa na sahani.

Landu angeweza kuwasaidia, kwa sababu yeye hajidanganyi kirahisi. Kila mara anapojipatia sababu nzuri ya matendo yake, ukurasa unaofuata anaifungua sababu hiyo na kukuta chini yake kitu kingine: kiburi, woga, mapenzi ya kuonekana mtakatifu, hata mapenzi ya Kilatini na uzuri wa liturjia. Alipokuwa padri alijiuliza kama anamtumikia Mungu au wazungu waliomfundisha. Alipokuwa mwasi alijiuliza kama anawatumikia maskini au anajitumikia mwenyewe. Mtu anayejiuliza hivyo kila siku anachosha, na kusema ukweli kuna kurasa ambazo Landu anachosha. Lakini kijana aliyetembea naye mpaka mwisho hataandika tena barua ya altare. Atatafuta sababu zake za kweli, na akizikuta, padri anayempokea atajua anapokea nani.

Mniruhusu niingize kidogo ufundi wangu. Neno seminari linatoka ku Kilatini seminarium, maana yake kitalu, pepinieri, pahali pa kukuzia miche. Si mafumbo yangu. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ulipoamuru kila dayosisi iwe na nyumba ya kulea mapadri, ulitumia neno hilo hilo la kitalu. Basi, mtu yeyote aliyelima tomati au shu pembeni ya mto Kafubu anajua kosa la kwanza la kitalu. Unatengeneza kivuli kizuri, unanyweshea asubuhi na mangaribi, miche inatoka mirefu, ya kijani, watu wanapita wanasifu. Kisha unaipeleka mu shamba mwezi wa kumi, lile jua la mbele ya mvua, na siku ya tatu yote imelala chini. Haikukosa mbolea. Ilikosa kuzoezwa. Siku saba au kumi mbele ya kuhamisha, unapaswa kupunguza maji na kuondoa kivuli pole pole, mpaka shina liwe gumu. Miche inakuwa mibaya kidogo, rangi inafifia, mgeni akipita anafikiri umeiacha. Lakini njo hiyo inashika.

Entre les eaux ni siku hizo saba za kuondoa kivuli. Inamwonyesha kijana jua ambalo atalikuta: kuwa peke yake, kutii mkubwa ambaye hukubaliani naye, kuona pesa ya Kanisa inatoka wapi, kurudi kwenu na kukuta hauko tena wa kwenu kabisa. Wale wanaoogopa kumpatia kitabu hiki wanafikiri watapoteza mche. Mche ambao roman moja inaweza kuuangusha ulikuwa umekwisha anguka.

Kuna jambo jingine ambalo wanaokataa kitabu wanalisahau. Kilipotoka, hakikuchukuliwa kama kitabu cha adui. Mwaka 1975 kilipata tuzo la Wakatoliki la fasihi kule Ufaransa, Grand Prix catholique de littérature. Na aliyekiandika hakuwa mtu wa nje anayetazama dirishani. Mudimbe alilelewa mu shule za mapadri toka utoto, aliingia kwa Wabenedikto kule Rwanda, mu monasteri ya Gihindamuyaga, kisha akatoka kabla ya kufika mwisho wa njia. Wabenedikto tunawajua: njo wao walianzisha Kanisa la Lubumbashi, tangu wakati wa Monsinyori de Hemptinne. Basi huyu aliyetoka, miaka mingi baadaye, mwaka 1994, anatoa kitabu cha kusimulia maisha yake, Les Corps glorieux des mots et des êtres, na anakiita kwa jina la pili mchoro wa bustani ya Kiafrika kwa namna ya Kibenedikto. Bustani! Mtu aliyeacha kanzu zaidi ya miaka 30 mbele, anapotafuta neno la kuita maisha yake yote, anarudi ku bustani ya watawa. Mniambie sasa kama monasteri ilipoteza muda wake kumlea.

Hapa kwetu aliyetoka seminari hasemwi. Familia inaficha, paruasi inasema "alifukuzwa", wasichana wanacheka. Wako wengi kati yetu, mu maofisi, mu mashule, mu ONG. Unawatambua kwa Kifaransa chao safi na kwa namna wanavyokunja shati. Ningependa Jumapili ya Mchungaji Mwema mmoja wao apewe dakika kumi, aseme alipata nini na juu ya nini alitoka. Kama mwito ni kumsikiliza Mungu, basi na yule aliyesikia "hapana" naye alisikiliza.

Lakini niko mu kazi ya kuhakiki, si ya kusifu tu, na kitabu hiki kina pengo ambalo kwangu ni kubwa. Landu hana mtu anayemdai. Ana mawazo, ana wakubwa, ana makomredi. Watu wa paruasi yake wanaonekana kwa mbali, kama ukungu wa asubuhi. Maswali yake yote ni makubwa: Mungu, Marx, Roma, Afrika. Swali dogo, lile linaloamua miito mingi hapa Katuba na Kenya na Ruashi, halipati nafasi: nikienda, nani atawalipia wadogo zangu shule? Mu familia zetu mtoto aliyesomeshwa njo bima ya wazee. Mkubwa akiingia upadri, anaondoa bima hiyo mikononi mwa watu saba au nane. Msichana akiingia utawa, hakuna mahari, hakuna wajukuu, hakuna mkwe wa kuitwa mu matanga. Hiyo si dhambi ya familia. Ni hesabu, na ni hesabu ya haki.

Kwa hesabu hiyo ninamuweka Anuarite mbele ya Landu. Wote tunajua picha yake: Mwenyeheri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, sista wa Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na waasi Wasimba, akatangazwa mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985 na Papa Yohane Paulo II. Angalia ajabu hii: Mudimbe anamtuma padri wake wa kubuni kwa waasi, kwenda kutafuta Kristo, Anuarite wa kweli, waasi njo walimjia. Mtu angeweza kuandika mengi hapo. Lakini mimi sipendi namna tunavyomsimulia, kwa sababu tunasimulia usiku wa Isiro tu, na msichana wa Lubumbashi hawezi kufanya kitu na usiku wa Isiro isipokuwa kuogopa au kulia. Wanaosimulia maisha yake wako na sehemu nyingine, ndogo. Siku ya nadhiri zake, Agosti 1959 kule Bafwabaka, wazazi walileta mbuzi wawili kwa kushukuru. Baadaye mama yake aligeuza mawazo. Nyumba ilikuwa na shida, akataka binti arudi, afanye kazi, asaidie. Binti hakurudi.

Mbuzi wawili, kisha majuto. Hapo kuna mahubiri kamili ya miito, na sijawahi kuyasikia. Mama huyo si mtu mbaya. Alitoa kwa furaha, kisha akaona bei. Kila mama wa mupe na mama wa mamere hapa mjini amepita njia hiyo, hata kama siku ya jubilei anacheza mbele na kitenge cha paruasi. Na wale wanaohimiza miito wangepaswa kwenda kuketi na mama huyo mbele ya kuuliza mtoto wake, wamwambie wazi kitu gani nyumba ya watawa inaweza kumsaidia na kitu gani haiwezi.

Na Stefano Kaoze pia tunamfupisha. Kila mwaka tunasikia: padri wa kwanza Mkongomani, mtoto wa Marungu, aliwekwa wakfu Baudouinville tarehe 21 Julai 1917. Ni kweli na ni fahari ya Katanga nzima ya zamani. Lakini tunaruka kutoka ubatizo mpaka sherehe, kana kwamba kulikuwa na ngazi ya umeme. Huyu alikuwa mtu mzima tayari. Utoto na ujana wake vilipita mu masomo ambayo hakuna mtu wa kwao alikuwa amewahi kuyamaliza, bila kumuona mbele yake hata padri mmoja wa ngozi yake. Alikuwa mche wa kwanza mu kitalu ambacho hakuna aliyejua kama udongo wake unafaa. Miaka ile inanifundisha zaidi kuliko siku ya sherehe.

Turudi ku Mudimbe. Nilimpatia fotokopi ya Entre les eaux mtoto wa mama yangu mdogo, amemaliza diplome d'Etat, yuko mu grupu ya miito na anafikiri kuingia. Alisoma wiki tatu na diksionere pembeni. Kwanza alikasirika. "Yaya, uyu mupe anawaza mingi! Saa gani anaendaka kuona bagonjwa?" Sikumjibu, kwa sababu ni uhakiki mzuri kuliko mingi niliyosoma. Kisha akakaa kimya siku kadhaa, na akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu alimuuliza ku grupu: kama mkubwa wako anakutuma kufanya jambo unaloona si haki, unatii? Nilimwambia apeleke swali hilo kwa padri wake. Alipeleka. Walizungumza mpaka giza, na alirudi akisema ni siku ya kwanza padri amemuongelesha sawa mtu mkubwa.

Mama mdogo alinikasirikia zaidi. "Njo unamupatia mutoto kitabu ya mupe wa kutoroka? Unataka anikosee?" Nikamuambia Landu anamalizia mu monasteri. Akafikiri kidogo. "Sasa juu ya nini alitoroka?"

Ni swali la haki, na kitabu hakina jibu moja. Mimi mwenyewe nimesoma mwisho ule mara mbili na sijui kama Mudimbe anamuamini padri wake. Landu amepata amani, ama amepata pahali pa kujificha? Kuna wanaosoma kwa kejeli: baada ya mapinduzi yote, mtu anarudi kujifunika na kanzu. Mimi naegemea upande mwingine, kidogo. Landu amekimbia Kanisa, amekimbia porini, amekimbia ndoa, na kila pahali kitu kile kile kinamfuata. Kama mwito ungekuwa kazi tu, angeuacha siku ya kwanza na kupata nyingine. Alikuwa na madiplomu ya kutosha. Kinachobaki kisha kila kitu kimeanguka, hicho njo ningeita mwito. Na Mudimbe, ambaye hakurudi monasterini, alikuwa na uungwana wa kumuacha mtu wake arudi.

Kwa wasichana, kwa sababu najua maoni yatauliza: Mudimbe aliandika pia Shaba Deux, 1989, daftari la Mama Marie-Gertrude, mtawa Mfransisko Mwafrika kule Kolwezi mu vita ya 1978, wakati waasi walishika mji Mei ile na askari wa Ufaransa wakashuka na miavuli. Kwangu ni kitabu chenye joto zaidi kuliko Entre les eaux. Sista huyu hana muda wa kuwaza sawa vile Landu. Kuna watu mlangoni, kuna chakula cha kugawa, kuna wenzake wa kuongoza na hofu ya kuficha. Kama grupu ya miito ingenunua kitabu kimoja tu kwa wasichana, ningesema hiki.

Mudogo bado hajaamua. Ameomba mwaka mmoja, anafundisha shule ya msingi, na sehemu ya mshahara anaacha nyumbani. Fotokopi yangu sijarudishiwa. Mama yake hasomi Kifaransa vizuri, basi mangaribi, kisha chakula, anamuomba amsimulie kipande kwa Kiswahili. Wamefika kwenye ndoa ya Landu. Mama amechukua upande wa bibi. Anasema yule bibi hakukosea mtu, na anataka kujua alibaki na nani, na kitabu hakisemi.